Zimwi Asiye na Pembe

Wajukuu zangu wana ugomvi mmoja usiokwisha. Kila ikitoka filamu mpya iliyotengenezwa kutokana na kitabu cha majoka na wachawi, wanajazana sebuleni kwangu na kuihukumu kama makadhi. Wameruka sura nzima! Malkia kitabuni ni mzee, mbona huku ni kigoli? Mmoja anashikilia kwamba filamu sharti ifuate kitabu neno kwa neno, mwingine anasema kitabu ni kitabu na filamu ni filamu, kila chungu na mfiniko wake. Mwaka jana wakanigeukia mimi. Bibi, wewe uliwahi kufanya kazi televisheni, hebu tuamulie. Nikawafokea wote, nikawaambia wakazungumzie uani. Walishangaa, maskini, kwa sababu mimi si mkali kwao hata kidogo.

Hasira ile haikuwa yao. Ni ya zamani, na nimeibeba peke yangu miaka mingi mno. Sasa naiandika, kisha wataamua wenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini wakati wa utawala wa wanajeshi, na nilipiga taipu katika televisheni ya serikali, kwenye ofisi za kilimani. Kazi ile sikuipata kwa sababu ya elimu. Niliipata kwa sababu ya ulimi. Siku moja redio ilitangaza kwamba tangu leo Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na pale kilimani ikawa kizaazaa, maana Kiingereza walikuwa nacho tele, Kiluganda wamezaliwa nacho, lakini Kiswahili wengi wao walikijua cha kumwambia askari kizuizini, ndiyo afande, hapana afande. Sisi kwetu Kibuli tulikuwa tukikizungumza nyumbani. Babu wa babu yangu alikuja na msafara wa wafanyabiashara kutoka pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa, na lugha yake ikabaki ndani ya nyumba pamoja na masinia yake ya shaba. Mjini tulikuwa hatuthubutu kuisema. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini. Ukikisikia nyuma yako barabarani, uliinamisha macho na kuongeza mwendo.

Basi nikaajiriwa nipige taipu maneno ya vipindi vya Kiswahili na kuyasahihisha. Nami kusahihisha nilikujua, tena sana, kwa sababu nililelewa na Bibi.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona katika nyumba nyingine. Alipotutolea hadithi, ilikuwa wajibu wetu wasikilizaji kumkamata akikosea. Akiruka jambo, au akimpa sungura maneno ya fisi, yeyote aliyekuwa mkekani, hata mtoto wa miaka minne, alipaswa kusema, "Sivyo. Rudi nyuma." Naye Bibi alirudi. Hakukasirika kamwe. Wakati mwingine alikosea makusudi ili atupime, na wale walionyamaza ndio waliokiona cha moto. Alisema hadithi ikiharibika nawe umesikia ukanyamaza, basi wewe ndiye uliyeiharibu. Tukakua hivyo. Mimi hasa nilikuwa mwepesi wa kusahihisha kuliko wote, na nilisifiwa kwa hilo, na sifa zikanivimbisha kichwa.

Bosi wetu wa vipindi alikuwa Mganda mmoja mtaratibu, amevaa tai siku zote hata joto likiwaje. Amri ilikuja kutoka juu kwamba pawe na mchezo wa kuigiza wa Kiswahili, wenye asili ya Kiafrika, watu waone na wafurahi. Waandishi wa michezo aliowajua bosi walikuwa wamekwisha kwenda zao Nairobi, au walikuwa hawajulikani walipo, na mambo ya namna hiyo hayakuulizwa. Akaniuliza mimi kama najua hadithi yoyote ya mazimwi. Nikampa ile ya Bibi, ile bora kuliko zote.

Nayo ni hii. Palikuwa na mji kando ya maji. Akaja mgeni, mrefu, mwenye adabu, akabisha hodi, akakaribishwa. Alicheka na kila mtu na kucheza na watoto. Kitu kimoja tu: hakuna aliyepata kumwona akila. Akiwekewa chakula anashukuru, anasema ameshiba. Watu wa mji wakaanza kupungua. Leo huyu, kesho yule, wanaitwa nje mara moja na hawarudi. Na kila msiba ukitokea, mgeni huyo ndiye wa kwanza kufika. Ndiye anayebeba jeneza tupu, ndiye anayelia kuliko wafiwa. Mwisho wake bikizee mmoja akamwandalia karamu mbele ya mji mzima na kumwomba ale tonge moja tu. Hakuweza. Hapo wakamjua. Hawakumpiga wala hawakumfukuza, waliingia majumbani wakafunga milango, na alipobisha hodi hakuna aliyeitikia. Akazunguka mlango hadi mlango, njaa ikamzidi, akaanza kujila mwenyewe, kuanzia miguuni.

Niliipiga taipu neno kwa neno. Bosi akaisoma palepale nikiwa nimesimama, na nikaona jasho likimtoka kwenye mdomo wa juu. Aliniambia ni hadithi nzuri kupita kiasi. Baada ya wiki akanirudishia karatasi zake yeye. Mtume! Zimwi lilikuwa limeota pembe mbili na mkia. Lilikuwa na kichwa kikubwa chekundu, linatoka majini katika moshi, linanguruma. Hodi hakuna. Misiba hakuna. Na mwisho askari wa mfalme mwema wanalipiga risasi, watu wanashangilia na ngoma zinapigwa.

Niliumia kama nimetukanwa mimi. Nikamfuata ofisini, nikamwambia zimwi lenye pembe nani asiyelijua, hata mbuzi angelikimbia. Kinachotisha katika hadithi ya Bibi ni kwamba yule ni mtu kama sisi. Ukimwekea pembe umesema watu wa mji ule ni wapumbavu, wamemkaribisha wenyewe kitu chenye pembe. Bosi akafunga mlango. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mgeni anayecheka sana, anayeita watu nje mara moja na hawarudi, halafu anafika matangani, hicho si kitu cha kuonyesha katika nchi hii mwaka huu. "Nnyabo," akasema, ndiyo bibie kwa Kiluganda, "unataka tufe?"

Nikamwona mwoga. Ndivyo nilivyokuwa, sifichi. Nilikuwa nimeshaona watu wakitiwa kwenye buti la gari mchana kweupe karibu na soko la Nakawa, huku waliokuwa wakinunua nyanya wakiendelea kuchagua nyanya. Nilijua tunaishi wapi. Lakini nilikuwa na kiburi cha hadithi, na kiburi hicho hakina macho.

Sasa nataja jambo ambalo sitaki msomaji alijue kwa kuchelewa, kama nilivyolijua mimi. Yule aliyecheza zimwi alikuwa mtu anayetafutwa. Alitoka kaskazini, na zamani alikuwa akipiga tarumbeta katika bendi ya jeshi. Wenzake wa kabila lake pale kambini waliitwa gwarideni siku moja, wakahesabiwa, wakapelekwa, basi. Yeye siku hiyo alikuwa na ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali. Hakurudi kambini tena. Alijificha kwa miezi, kisha bosi wetu, ambaye aliwahi kusoma naye, akamwajiri kuwa fundi seremala wa studio kwa jina jingine. Hayo yote mimi sikuyajua. Nilimjua fundi seremala mpole, mrefu kuliko mlango, ambaye wageni wa serikali wakija huwa ana kazi nyuma ya mapazia.

Kichwa chekundu cha zimwi alikitengeneza yeye, kwa magazeti na gundi. Mchezaji aliyepangiwa kukivaa akavuka mpaka kabla ya mazoezi ya pili bila kuaga, na kichwa kile, ambacho fundi alikuwa akikijaribu kichwani mwake kila siku akikijenga, kikawa hakimkai mtu mwingine. Bosi akasema fundi acheze yeye. Sasa naelewa alivyowaza. Mtu aliyejificha ndani ya kichwa cha karatasi, sauti inatoka imevurugika, jina kwenye orodha si lake. Pasingekuwa na mahali salama kuliko hapo nchi nzima.

Fundi aliichukulia kazi ile kwa moyo. Alikuja kwetu Kibuli Ijumaa moja baada ya swala, ameniomba nimpeleke kwa Bibi aisikie hadithi kutoka kwa mwenyewe. Hadithi kwetu hazitolewi mchana, mtu ataota mkia, lakini Bibi alifunga madirisha yote, akasema sasa ni usiku wetu. Akamsimulia. Katikati akakosea makusudi, kama kawaida yake: akasema mgeni alikula. Mimi nilikuwa jikoni nakanda chapati. Nikamsikia fundi akisema taratibu, na Kiswahili chake cha kambini, "Hapana, mama. Hiyo hapana. Rudi nyuma." Nilikuwa nimemweleza desturi yetu njiani. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku ile akawa mwanawe.

Alipoondoka, Bibi aliniambia kwamba Uislamu wa yule bwana ni wa juzi. Alimwona akitawadha, ameanza na miguu. Nikasema labda amesahau. Bibi akasema hiyo si ya kusahau, na kwamba mtu akikuficha jambo zito usimfunulie, msaidie kulificha. Ijumaa iliyofuata alikaa naye kibarazani, akatawadha mbele yake polepole kama anayejisahihisha mwenyewe, naye fundi akafuata. Mimi niliona na sikuelewa. Nilikuwa nawaza pembe.

Tulifanya mazoezi wiki tatu. Kila siku nilikaa na karatasi zangu kando ya studio, nasikia ngurumo zile kutoka kwenye kichwa chekundu, na nilisaga meno. Uchungu zaidi ni kwamba fundi alikuwa hodari. Akiwa amevua kile kichwa, wakati wa chai nyuma ya mapazia, alituigizia mgeni wa Bibi. Alibisha hodi kwenye mbao, akasalimia, akacheka kile kicheko chake kikubwa, halafu akalia msibani. Mtu aliyenipa chai muda huohuo, na nilitaka kurudi nyuma mbali naye. Nikaona hii ndiyo hadithi, na hawa wajinga wameifunika kwa magazeti.

Halafu akaja afande.

Alikuwa ofisa wa jeshi aliyepewa kusimamia mambo ya utangazaji. Tuliambiwa asubuhi kwamba atapita adhuhuri kutazama mazoezi. Bosi alibadilisha tai mara mbili. Alimwambia fundi avae kichwa mapema na asikivue hata kwa kunywa maji. Afande aliingia na watu wawili wenye mashati ya maua na miwani myeusi, akakaa kwenye kiti kilichowekwa kitambaa, akasema tuanze. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, ananukia sabuni nzuri ambayo madukani ilikuwa haipatikani. Alitazama zimwi likitoka kwenye moshi, likinguruma, likikimbizana na wanakijiji. Hakucheka. Katikati akainua mkono, kila kitu kikasimama.

Aliuliza hadithi hii ni ya nani. Bosi akasema ni ya zamani sana, ya wananchi, haina mwenyewe. Afande akasema, kwa Kiswahili chake cha kambini, kila hadithi iko na mwenyewe. Bosi akanionyesha mimi kwa kidole, akasema ameipokea kwa bibi yake huyu mtoto. Afande akanigeukia. Akauliza kwa upole kabisa, mkubwa anavyomwuliza mtoto wa rafiki yake:

"Bibi yako nasema namna hii? Zimwi iko na pembe?"

Nimekirudia kipande hiki maisha yangu yote. Palitakiwa neno moja, ndiyo. Bosi alikuwa amesimama nyuma ya kile kiti, na alinitazama kwa macho ya mtu anayeomba maji. Nilimwona. Wallahi nilimwona, na nikadhani anaogopa kuaibika. Mdomo wangu ukajibu kama uliokuwa mkekani kwa Bibi.

"Hapana, afande. Sivyo."

"Sasa iko namna gani?"

"Zimwi ana sura ya mtu. Huwezi kumtofautisha na mgeni yeyote."

Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba kichwa chaweza kuwa cha mwingine. Afande akapiga paja lake na kucheka. Alifurahi kwelikweli. Alisema huyu mtoto nasema kweli, hata bibi yake yeye, kule kwao, alisema hivyohivyo, kwamba zimwi ni mtu tu, tena mtu mzuri. Akasema hawa wengine wanataka kumdanganya na vitu vya kutisha watoto. Kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea jukwaani.

"Toa hiyo kitu. Mimi nataka kuona sura."

Fundi hakusogea. Sekunde chache tu. Bosi akaanza kusema habari ya gundi, kwamba haitoki haraka, na mmoja wa wale wenye miwani akapiga hatua mbele. Ndipo fundi akainua mikono na kukivua mwenyewe, akakishika mbele ya kifua. Jasho lilikuwa likimtiririka usoni. Taa zote za studio zilikuwa juu yake.

Afande akaacha kucheka, lakini tabasamu halikumtoka. Akamtazama sana. Akamwuliza yeye ni mtu wa wapi. Fundi akajibu ni mtu wa hapahapa mjini. Afande akasema sura hii aliiona mahali. Fundi akasema labda ni hapa studio. "Labda," akasema afande. Akasimama, akatuamuru turudie hadithi kama bibi yangu anavyosema, hivyohivyo, bila kubadilisha kitu, na kwamba Alhamisi atakuja mwenyewe kuona ikirekodiwa. Akanishika bega akipita. Aliniambia nimefanya vizuri.

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika tano, mpaka bosi aliponivuta kwenye korido nyuma ya chumba cha mitambo na kunieleza yule fundi ni nani. Alinieleza bila kunifokea. Nikakaa sakafuni na gauni langu la kazi.

Nilimkuta fundi kwenye karakana yake, anafagia vumbi la mbao. Nikamwambia akimbie leo, sasa hivi, kuna malori ya samaki yanayotoka kila siku kwenda mpakani. Nililia na kumwomba msamaha. Alinisikiliza amesimama na ufagio. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Alisema wale watu wa miwani hawakuondoka wote, mmoja yuko getini. Na hata kama angepita, Alhamisi nafasi ya zimwi ikiwa tupu, ataulizwa nani?

"Nikikimbia wataanza na wewe," akasema. "Halafu mama yetu kule Kibuli."

Akaniomba karatasi za hadithi ile ya kwanza. Alitaka kujifunza maneno.

Sijui siku zile tatu zilipitaje. Usingizi sikuupata. Kila gari lililopunguza mwendo nje ya nyumba yetu lilinikata maini. Nilikuwa nimempa afande hadithi nzima, na sasa niliiona ikitembea mjini na miguu yake. Bibi sikumwambia. Alinitazama nikikisogeza chakula pembeni, akasema tu kwamba nakonda.

Alhamisi fundi alikuja mapema kuliko sote, amenyoa ndevu. Alivaa kanzu nyeupe na koti jeusi, mavazi ya mgeni. Afande akakaa kwenye kiti chake. Kamera zikaanza, na yule mtu akabisha hodi.

Sijapata kuona mchezo kama ule, wala sitauona. Hakukosea neno. Alicheka na kila mtu, alicheza na watoto, alikataa chakula kwa adabu iliyotufanya tuone haya kumwandalia. Kwenye kipande cha msiba, alipobeba jeneza tupu, alilia. Katika karatasi nilikuwa nimeandika kwamba analia kuliko wafiwa. Alilia mpaka mpiga kamera akajifuta macho kwa bega, mikono isiache kazi. Na mimi nilijua anajililia mwenyewe, studio nzima ilijua tangu ile Jumatatu, isipokuwa yule aliyekaa kwenye kiti cha kitambaa. Au naye alijua. Aliinama mbele, kidevu juu ya fimbo, kama mtoto anayesimuliwa.

Taa zilipozimwa afande alipiga makofi. Alisema sasa hiyo ndiyo hadithi. Akatoka kwenda kwenye gari lake. Wale wawili walibaki mlangoni, wakamngoja fundi ateremke jukwaani. Walimsalimia kwa mkono. Walimwambia afande anataka kuongea naye kidogo, dakika mbili tu. Alikuwa bado na ile kanzu. Aliomba abadilishe nguo, wakamwambia hakuna haja. Alipopita mbele yangu hakunitazama, na nashukuru, kwa sababu kumtazama mtu wakati ule kulikuwa kumtaja. Saa ilikuwa tisa na nusu mchana. Wafagiaji walikuwa wanamwagia maji bustani.

Hakurudi Ijumaa. Jumatatu bosi alikwenda kuulizia gereza la Luzira, akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Alikuwa ametaja jina la sasa, la zamani hakuthubutu kulitaja. Mwezi haukwisha bosi naye akavuka mpaka, na tai zake zikabaki zimening'inia ofisini.

Mchezo ulionyeshwa siku ya tisa tangu fundi achukuliwe, baada ya taarifa ya habari. Hapakuwa na mtu wa kuuzuia, uliamriwa na mkubwa. Kibuli tulikwenda kuutazama kwa jirani mwenye seti, watu wamejaa hadi kizingitini, na Bibi akapewa kiti cha mbele. Alitazama mwanzo hadi mwisho bila kufungua mdomo. Mara ya kwanza maishani mwake hadithi ilitolewa na mtu mwingine asipate pa kusahihisha. Watu wakampongeza. Njiani kurudi akaniuliza mwanawe yuko wapi, mbona Ijumaa hakuja. Hapo ndipo nilipomwambia yote.

Alisimama barabarani, ameshika buibui lake shingoni. Sikutegemea anipige, lakini nilitamani. Akasema, "Hadithi hukuikosea. Umemkosea msikilizaji." Hakunisemesha tena mpaka siku ya tatu, na ile hadithi hakuitoa tena mpaka anakufa.

Kesho yake, baada ya usiku ule wa mchezo, nilikwenda kwa mke wa fundi. Walikaa chumba kimoja nyuma ya soko la Nakawa. Nilimkuta nje, anasaga ufuta kwenye jiwe, mtoto mdogo wa kike amejificha nyuma ya mgongo wake. Nilijieleza mimi ni nani. Akaniambia ananijua, mume wake alimwambia kuna msichana wa taipu mwenye bibi mzuri. Akanipa kigoda.

Nilimwambia kwamba ni mimi. Kwamba mume wake alikuwa amejificha ndani ya kile kichwa, na bosi alifanya hivyo kwa makusudi, na mimi niliulizwa swali la neno moja nikasema ukweli, ukweli wa hadithi tu, wa kitu ambacho hakikupata kutokea popote. Nilisema mengi. Yeye alikuwa anasaga. Nilipomaliza akafuta jiwe kwa kiganja, akasema waliutazama ule mchezo kwenye dirisha la duka, yeye na watoto. Wale wakubwa walifurahi kumwona baba yao. Huyu mdogo alipiga kelele, na tangu jana ukimwuliza baba yuko wapi anasema baba anakula watu.

Nilitaka kusema kitu kwa mtoto. Alirudi nyuma.

Mama yake hakunifukuza wala hakuinua sauti. Alichota ufuta mwingine, akaumwaga juu ya jiwe.

"Jina tulibadilisha," akasema. "Dini tulibadilisha. Nyumba tulibadilisha mara nne. Ilikuwa imebaki sura tu."